Usaili wa chuo kikuu kwa mwanafunzi Mwislamu: ujiandae peke yako, na mwalimu, na aliyekutangulia au na kocha?

Ukishapata taarifa kwamba chuo kimekupangia usaili, muda uliobaki huwa mfupi: wiki mbili tatu, pengine siku chache tu. Hapo kila mtu huja na ushauri wake. Mmoja atakwambia ujirekodi kwa simu mpaka uizoee sauti yako. Mwingine atakwambia umfuate mwalimu. Wa tatu ana binamu anayesoma ng'ambo, na wa nne ana namba ya kocha anayelipwa kwa saa. Huwezi kuwafuata wote wanne.

Kwa mwanafunzi Mwislamu uchaguzi huu una uzito wake. Kuna maandalizi ambayo kila mwombaji anayahitaji: kwa nini somo hili, kwa nini chuo hiki, umefanya nini nje ya darasa. Na kuna yanayokuhusu wewe: kumweleza mtu asiyeijua dini yako jambo ambalo umelelewa nalo, kujua utafanya nini ukinyooshewa mkono, kupanga swala na saumu, kujibu swali la siasa ambalo hukulitarajia. Ni nadra kumpata mtu mmoja anayeweza kukuandaa kwa yote mawili. Kwa hiyo uamuzi unategemea ni upande upi kwako umelegea, na hilo hutalijua mpaka ujipime.

Kwanza, jua umeitwa kwenye usaili wa aina gani

Vyuo vya Marekani kama Harvard, MIT na Georgetown huwatumia zaidi wahitimu wao wanaojitolea. Yale huwatumia pia wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho. Huwa ni maongezi ya nusu saa hadi saa nzima, mgahawani, maktabani au kwa video, kisha msaili huiandikia ripoti ofisi ya udahili. Kwa kawaida hana faili lako mkononi, hivyo atakujua kwa yale utakayomwambia. Si kila mwombaji hupangiwa usaili, maana wahitimu wa kujitolea hawatoshi kila mahali. Ukikosa, usihesabu kwamba umeshakataliwa.

Oxford na Cambridge ni habari nyingine. Wanaokusaili ni walimu wa somo lenyewe, zaidi mwezi Desemba, na Oxford imekuwa ikifanya usaili wake mtandaoni tangu 2020. Utapewa hesabu, grafu, shairi au hoja, na watataka kusikia unavyofikiri hatua kwa hatua. Huko dini yako haina sababu ya kutajwa, labda kama unaomba theolojia au masomo ya Kiarabu.

Usaili wa udaktari mara nyingi hufuata mtindo ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada. Unazunguka vituo kadhaa, kila kimoja dakika chache, na kila kimoja kina msaili wake na kisa chake. Maswali ya maadili yapo tele: utoaji mimba, mgonjwa anayekataa kuongezewa damu, siri ambayo familia inataka kuijua. Mwenye msimamo wa dini ajue mapema atasemaje, kwa kuwa anachopimwa ni kama ataweza kumhudumia mgonjwa asiyeamini anachoamini yeye. Na kuna vyuo kama Chicago na Brown ambavyo vinakuruhusu kutuma video fupi ya kujitambulisha badala ya usaili.

Iweke aina hiyo kichwani unaposoma yanayofuata. Njia inayomfaa anayengoja kuongea na mhitimu wa Georgetown haimfai anayengoja maswali ya fizikia.

Mambo manne ya kupimia

La kwanza ni ukweli: je, utaambiwa kasoro yako waziwazi? La pili ni dini: je, njia hii itakusaidia kuieleza imani yako kwa mtu wa nje, na kupanga mambo ya swala, saumu na salamu? La tatu ni ufanano: mazoezi yatalingana kiasi gani na siku yenyewe? La nne ni gharama, yaani muda na fedha. Nimeyapima yote kwa kila njia, ingawa kuna mahali jambo moja lina mengi ya kusemwa na jingine halina.

Njia ya kwanza: peke yako, na simu yako

*Ukweli.* Kamera haina haya. Itakuonyesha kwamba unaangalia dari kila unapotafuta neno, kwamba sentensi zako zote zinaanza na "kwa kweli", na kwamba jibu ulilodhani ni la dakika moja limechukua nne. Lakini kamera haikuulizi "una maana gani hapo?" Kasoro usiyoijua itapita mbele ya macho yako nawe usiione.

*Dini.* Njia hii ina faida mbili ambazo watu hawazitaji. Ya kwanza ni ya wasichana wanaovaa hijabu. Ukitumia vipokea sauti vya masikioni vyenye waya, kipaza sauti chake kidogo husuguana na kitambaa kila unapogeuza kichwa, na anayekusikiliza anapata mkwaruzo unaofunika maneno. Wewe husikii kitu. Jirekodi ukiwa umevaa vilevile utakavyovaa siku hiyo, geuza kichwa kulia na kushoto ukiongea, kisha sikiliza. Kama kuna mkwaruzo, peleka kipaza sauti nje ya kitambaa au tumia cha kompyuta.

Faida ya pili ni lugha. Wengi wetu dini tumeisoma kwa Kiswahili na Kiarabu, na usaili utakuwa kwa Kiingereza. Mara yako ya kwanza kueleza zaka, itikafu au darsa la wiki kwa Kiingereza isiwe mbele ya msaili. Kaa na simu, eleza kila moja kwa sentensi mbili, rudia mpaka zitoke bila kukwama.

*Ufanano.* Kwa video ya kujitambulisha, hii ndiyo kazi yenyewe. Kwa mtindo wa vituo, weka saa ikuhesabie dakika na ufanye kisa baada ya kisa bila kusimama. Kwa Oxford, chuo chenyewe huweka wazi mifano ya maswali na video za usaili wa mfano. Chukua swali moja, fikiri kwa sauti, kisha jisikilize uone kama mtu mwingine angeufuata mwendo wa mawazo yako. Kwa maongezi na mhitimu, simu ni dhaifu, kwa sababu maongezi yanataka watu wawili.

*Gharama.* Muda wako tu.

*Inamfaa* mwenye haya ambaye hajazoea kusikia sauti yake, mwenye siku chache mno za kumtafuta mtu, na anayetuma video. Haimfai mwenye tabia ya kukariri: huyo kila akijirekodi huongeza ukariri, na siku ya siku husoma hotuba.

Njia ya pili: mwalimu au mshauri wa shule

Kuna wanaoona haya kuomba msaada wa kusema, kana kwamba aliyejaliwa elimu lazima awe amejaliwa na ulimi. Nabii Musa (A.S.) alipotumwa kwa Firauni aliomba afunguliwe kifua na fundo la ulimi wake, na hakuishia hapo. Aliomba pia ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Dua hiyo na ombi hilo vinafuatana katika Surat Taha, kuanzia aya ya 25. Basi mfuate mwalimu bila kujiona mdogo.

*Ukweli.* Mwalimu mzuri anakujua, na hapo ndipo penye nguvu yake na udhaifu wake. Anajua ulikoanguka kidato cha pili na ulivyoinuka, na mara nyingi atakukumbusha jambo kubwa ulilofanya nawe ukaliona la kawaida. Lakini anayekupenda hukuonea huruma. Akikwambia "umefanya vizuri sana" mara tatu mfululizo, mwombe akutajie jibu moja lililokuwa baya kuliko yote. Asipolipata, tafuta mwalimu wa somo jingine asiyekufundisha.

*Dini.* Mwalimu asiye Mwislamu ana faida ambayo rafiki zako wa msikitini hawawezi kukupa: hajui, na kwa kuwa hajui atauliza. Zoezi huenda hivi:

"Mwalimu, naomba unisaili kama mtu ambaye hajawahi kuniona."

"Haya, mwanangu. Umesema umehifadhi juzuu tano. Juzuu ni nini?"

"Ni sehemu za Qur'ani, Mwalimu."

"Sehemu kubwa kiasi gani? Ulizihifadhi wapi, na ilikuchukua muda gani?"

Hapo ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba jambo alilolibeba kwa miaka halijawahi kumtoka kinywani kwa namna ya kueleweka. Qur'ani ina juzuu 30, na msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, kwa hiyo juzuu tano ni kurasa mia moja hivi. Mwambie msaili kwamba una kurasa mia moja za Kiarabu kichwani, lugha ambayo hamuongei nyumbani. Mwambie ulizisoma kwa ustadhi baada ya Alfajiri kabla ya kwenda shule, na kwamba ukipitisha wiki bila kurudia zinaanza kukutoroka. Maelezo hayo yanachukua nusu dakika, na ameshajua habari za subira yako kuliko ambavyo neno "bidii" lingemwambia. Vivyo hivyo kwa aliyesimamia futari ya shule au aliyefundisha watoto madrasa: sema watu walikuwa wangapi, ulianza saa ngapi, nini kiliharibika na ukafanyaje.

Mwalimu Mwislamu, kwa upande wake, atakuelewa kabla hujamaliza sentensi, na kwa zoezi hili hiyo ni hasara. Mwombe ajifanye hajui.

Zoezi jingine linalomtaka mtu aliye mbele yako ni la mkono. Kama hupeani mkono na asiye maharimu wako, usiache jambo hilo liamuliwe pale mlangoni. Namna inayokwenda vizuri ni kutangulia: kabla mwenzako hajanyoosha mkono, weka wako kifuani, tabasamu, inamisha kichwa kidogo, mwambie umefurahi kuonana naye, kisha endelea na salamu. Ukitangulia hakuna anayeaibika. Ukichelewa, mkono wa mwenzako umeshaning'inia hewani nawe unaanza kutoa maelezo marefu ambayo hayahitajiki. Wapo Waislamu wenye msimamo tofauti katika hili, na kila mmoja ana mwalimu wake wa dini wa kumuuliza. La muhimu hapa ni uamuzi uwe umefanyika nyumbani. Rudia mara kadhaa ukiingia mlangoni na mwalimu akiinuka kukupokea, mpaka mwili uzoee.

Macho nayo ni vivyo hivyo. Wengi tumefundishwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na msaili wa kigeni anaweza kulichukua hilo kama woga au kutojiamini. Kama kumtazama usoni kunakutatiza, angalia kati ya nyusi zake; kwake huwa kama unamtazama.

*Ufanano.* Kwa maongezi ya wahitimu, mwalimu anakaribia sana. Kwa Oxford na Cambridge, mwalimu wa somo ndiye hasa wa kumtafuta, mradi akupe swali usilowahi kuliona na akuachie uhangaike nalo.

*Gharama.* Hakuna fedha, ila muda wake ni mchache na waombaji ni wengi. Mwendee mapema, na umpe maswali kumi yaliyoandikwa ili asihangaike kuyabuni.

*Inamfaa* mwenye mengi ya kusema asiyejua kuyapanga, anayeomba somo linalosailiwa kitaaluma, na anayeogopa wakubwa. Haimfai ambaye mwalimu wake ana dukuduku na dini yake. Ukiambiwa "achana kabisa na habari za Uislamu huko", na wewe maisha yako yote ya kujitolea yamepita msikitini, unabaki bila cha kusema.

Njia ya tatu: Mwislamu aliyekutangulia chuoni

Kumpata si kazi ngumu kama wengi wanavyodhani. Jumuiya ya wanafunzi Waislamu wa Marekani, ijulikanayo kama MSA, ilianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, na leo vyuo vingi vya nchi hiyo vina tawi au jumuiya ya namna hiyo. Uingereza nako vyuo vingi vina jumuiya ya Kiislamu. Nyingi zina baruapepe ya wazi. Andika kwa ufupi: "Assalamu alaykum dada, mimi ni mwombaji wa uhandisi, nimepangiwa usaili wiki ijayo. Naomba dakika ishirini zako nikuulize mambo matatu." Yataje hayo matatu humohumo, ili ajue anajibu nini.

*Ukweli.* Atakwambia mambo ambayo hayako kwenye tovuti ya chuo: wasaili hupenda kuuliza nini, aliduwaa wapi, nini alikihofia bure. Hatari ni kwamba ana kisa kimoja tu, chake. Kama msaili wake alikuwa mkali, atakutia hofu. Kama alikuwa mpole, atakuambia huhitaji kujiandaa. Ongea na wawili ukiweza.

*Dini.* Hapa hana mpinzani. Chukua swala. Desemba pale Oxford jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zinaangukia ndani ya saa nne hivi. Ukiitwa chuo cha huko kaskazini ana kwa ana majira hayo, usaili wa saa nane mchana unaweza kukukuta katikati ya swala mbili, na aliyepita hapo ndiye anayejua chumba cha swala kiko wapi na udhu unachukuliwa wapi. Anajua pia kwamba kumwandikia mratibu mapema, "naomba nisipangiwe wakati wa swala ya Ijumaa", ni ombi la kawaida.

Kisha kuna maswali ambayo mwalimu wako atayaonea haya kukuuliza. Unaionaje vita fulani ya Mashariki ya Kati? Kwa nini dada zako wanajifunika? Dini yako inasemaje kuhusu jambo hili na lile? Wasaili walio wengi hawaulizi hayo, na anayeuliza mara nyingi anataka tu kujua. Lakini swali likija ghafla ulimi hukauka, ndiyo maana linafaa kufanyiwa mazoezi na mtu aliyewahi kuulizwa. Ninachoshauri ni kwamba usikubali kugeuzwa msemaji wa Waislamu wote duniani. Sema: "Naweza kukueleza ninavyoliona mimi na nilivyofundishwa nyumbani," kisha toa sentensi mbili tatu za kweli, halafu rudisha mazungumzo kwenye jambo unalotaka kulisoma. Mwenye nia njema atakufuata huko. Akibaki anakuchokonoa, jibu kwa adabu mpaka mwisho, kisha siku ileile andika yaliyosemwa, kwa maneno yaleyale, na uyapeleke ofisi ya udahili. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inakikataza chuo kumbagua mwombaji kwa sababu ya dini yake. Marekani pia ofisi ya udahili ndiyo iliyomtuma msaili huyo, na ndiyo inayopaswa kujua.

Aliyetangulia atakusaidia pia kupata maswali yako wewe ya kumuuliza msaili, maana mwishoni utaulizwa kama unalo. Georgetown, ambacho ni chuo cha Wakatoliki Wajesuiti, ndicho kilichokuwa cha kwanza Marekani kuajiri imamu wa kudumu wa wanafunzi, mwaka 1999. Mwombaji anayelijua hilo anaweza kumuuliza mhitimu jinsi wanafunzi wa dini mbalimbali wanavyoishi pamoja pale, nalo ni swali lenye uzito kuliko kuuliza jambo linalosomeka kwenye tovuti.

Udhaifu wake kwa upande huu ni uleule wa mwalimu Mwislamu: nyote wawili mnaelewana kwa nusu neno. Ukimwambia "nilikuwa kwenye kamati ya Ramadhani" atatikisa kichwa, na msaili wako hatatikisa.

*Ufanano.* Kama alisailiwa na chuo hichohicho kwa mtindo huohuo, ni mzuri sana. Kama alisailiwa na kingine, mchukulie kama mshauri wa dini na maisha, na maswali ya somo uyapeleke kwa mwalimu.

*Gharama.* Ni bure, lakini naye ana mitihani. Mlipe kwa kufika kwa wakati na kwa kumpa habari ya matokeo.

*Inamfaa* anayehofia zaidi habari ya dini yake kuliko maswali ya kawaida, anayevaa hijabu au kufuga ndevu na ana wasiwasi ataonekanaje, na asiyemjua mtu yeyote wa chuo hicho.

Njia ya nne: kocha wa kulipwa

*Ukweli.* Kocha mwema hana undugu na wewe, na hilo humpa uhuru wa kukwambia kwamba jibu lako linachosha. Lakini anakuuzia kitu, na wapo wanaokusifu ili urudi. Anayekuhakikishia nafasi muage papo hapo. Kashfa iliyofichuka Marekani mwaka 2019, ambamo mshauri William Singer alikiri kosa la kuwanunulia watoto wa matajiri nafasi vyuoni kwa hongo, ilianza na ahadi za namna hiyo.

*Dini.* Makocha huwa na makosa mawili yaliyo kinyume. Mmoja atakushauri uufiche Uislamu wako. Mwingine atauona kama bidhaa, akutake kila jibu limalizike kwa habari ya hijabu yako au ya baba yako kuhama nchi. Vyote viwili vinakutoa katika nafsi yako. Kabla hujalipa, muulize swali moja: "Nikiulizwa habari ya kufunga kwangu, ungenishauri nijibuje?" Jibu lake litakuonyesha kama anakusikiliza au ana karatasi yake tayari.

*Ufanano.* Kwa mtindo wa vituo vya udaktari, kocha aliyeuzoea ana faida ya wazi, kwa sababu visa vingi vya mazoezi na mtu wa kukukatiza saa ikifika si rahisi kuvipata shuleni. Kwa maongezi ya mhitimu, hatari ni kuongea kama umefundishwa.

*Gharama.* Ndiyo njia ya ghali kuliko zote. Familia isiingie deni kwa ajili yake. Katika vyuo vinavyotumia wahitimu wa kujitolea, usaili ni sehemu moja tu ya maombi, na alama zako, insha na barua za walimu zimeshasema mengi.

*Inamfaa* mwombaji wa udaktari ambaye shuleni kwake hakuna aliyewahi kuujua mtindo huo, na familia yake inaweza kulipa bila kujinyima.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama una siku tatu tu, jirekodi leo, kesho mwombe mwalimu asiye Mwislamu nusu saa, na siku ya tatu pumzika. Usianze kutafuta watu wapya.

Kama maisha yako ya nje ya darasa yamejaa msikiti, madrasa na jumuiya, mwalimu asiyezijua habari hizo atakufaa kuliko ndugu wa chuoni, kwa sababu shida yako ni kueleweka. Kama ni kinyume chake, yaani unajieleza vizuri lakini kila ukifikiria kuulizwa kuhusu Uislamu tumbo linakuuma, mtafute aliyekutangulia kwanza.

Kama hutaki kabisa kuitaja dini yako, hiyo ni haki yako, na hakuna anayekudai. Jiandae na mwalimu kama mwombaji mwingine yeyote. Uwe tu na sentensi moja ya upole ya kuligeuza swali likija.

Kama ni Oxford au Cambridge, nguvu zako zipeleke kwenye somo. Mwalimu wa somo na mazoezi ya kufikiri kwa sauti vinatosha. Mambo ya dini yanahitaji jioni moja ya kupanga saa za swala.

Kama ni udaktari, changanya: vituo kwa saa ya simu au kwa kocha, na masuala ya maadili kwa Mwislamu anayesomea udaktari, ambaye ameshalazimika kuyafikiria mwenyewe.

Na kama usaili utaangukia Ramadhani, fahamu kwamba miaka hii hilo litatokea sana, kwa kuwa wasaili wengi wa Marekani hukutana na waombaji kati ya Januari na Machi. Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, ya 2028 karibu na Januari 28, ya 2029 katikati ya Januari. Ukipewa nafasi ya kuchagua saa, chagua asubuhi, daku ikiwa bado tumboni, na uikwepe saa ya mwisho kabla ya futari. Fanya angalau zoezi moja ukiwa umefunga, saa ileile ya usaili, uisikie sauti yako inavyokuwa koo likikauka. Msaili akipendekeza mkutane mgahawani, kubali tu, kisha akikuuliza utakunywa nini mwambie, "Nimefunga leo, lakini tafadhali wewe agiza." Huenda akakuuliza kufunga kukoje, nawe utakuwa umeshalifanyia mazoezi jibu lake.